Ripoti ipi umpelekee fundi?

Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na kompyuta zimeingia hata madukani Chake Chake. Daftari la madeni ya msimu wa karafuu sasa limo humo. Likipotea, mdaiwa hatakukumbusha!

Programu za kufuatilia utendaji wa kompyuta hutoa ripoti za aina mbalimbali. Ya papo hapo huonyesha mzigo wa sasa tu, nayo ndiyo wengi huitazama. Ya matukio huandika saa mashine ilipozimika ghafla, mathalani umeme ulipokatika. Ya mwenendo hulinganisha wiki na wiki: diski inajaa kwa kasi gani, mashine huelemewa siku zipi. Hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi, mwezi mmoja kabla ya uchumaji kuanza.