SOKO LA MAYAI: Somo la Wajapani wa Bastos kwa mfugaji wa Dodoma

MWEKEZAJI mdogo anayetaka kuingiza mtaji katika kuku wa mayai, awe Dodoma mjini au kijijini Busi wilayani Kondoa, kwa kawaida huuliza kwanza bei ya trei. Swali la msingi zaidi ni kilo ngapi za chakula zinaliwa kupata trei hiyo. Historia ya Bastos, mji mdogo wa Brazili unaojulikana nchini humo kama mji mkuu wa mayai, inaonyesha sababu.

Wahamiaji wa kwanza wa Kijapani, watu 781, walifika bandari ya Santos mwaka 1908 kwa meli ya Kasato Maru kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Waajiri walitaka familia nzima, si mtu mmoja mmoja. Bastos, katika jimbo la São Paulo, ilianzishwa mwaka 1928 kwa ajili ya familia za namna hiyo.

Mwaka mmoja baadaye bei ya kahawa iliporomoka. Familia hizo ziligeukia pamba, kisha hariri, ambayo ilitafutwa sana wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita vilipokwisha soko la hariri nalo likaanguka. Ndipo kuku wa mayai wakachukua nafasi.

Faida ya yai ni mzunguko wa fedha. Pamba hulipa mara moja kwa mwaka. Yai huuzwa kila siku, na kazi yake inawezekana kufanywa na watu wa nyumba moja.

Hesabu ya trei

Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku. Kuku 100 watamaliza kilo 12. Wakitaga mayai 80, trei moja ya mayai 30 imetumia kilo 4.5 za chakula. Utagaji ukishuka hadi mayai 60, kwa sababu ya joto, ugonjwa au chakula hafifu, trei hiyo hiyo inatumia kilo 6. Bei ya sokoni haitapanda kwa sababu kuku wa mtu mmoja wamepunguza kutaga.

Aidha, kifaranga hula kwa takriban miezi mitano kabla ya kutaga. Mtaji usiotosha kipindi hicho humlazimisha mfugaji kuuza kuku kabla hajaona yai.

Kwa upande wa chakula, Kanda ya Kati ina mahindi, mtama na mashudu ya alizeti. Hata hivyo, mashudu yana nyuzinyuzi nyingi na hayawezi kushika nafasi yote ya soya au dagaa. Chokaa ya mifugo ikikosekana, maganda huwa laini na mayai huvunjika njiani.

Kununua chakula kwa pamoja hupunguza gharama, lakini umoja hauzuii hasara. Ushirika wa Cotia, ulioanzishwa na wakulima wa Kijapani nchini Brazili mwaka 1927 na kuwa mkubwa sana, ulivunjika mwaka 1994 kwa mzigo wa madeni.

Kabla ya kuagiza vifaranga, mwekezaji azidishe bei ya kilo moja ya chakula kwa 4.5, kisha kwa 6. Ikiwa jibu la pili linazidi bei ya trei sokoni kwake, aanze na kuku wachache, tena bila mkopo.