Jirani, Piga Hodi

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni, jijini Dar es Salaam, zilijengwa kwa ramani moja: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo cha wote, mbele baraza. Mpangaji alikodi chumba kimoja, lakini mwanawe alikuwa wa nyumba nzima. Mama akidamkia sokoni alisema tu, "Mama Rehema, huyu namwacha hapa," akaenda zake. Mtoto alikula ubwabwa wa chumba cha tatu, akaogeshwa na shangazi wa chumba cha tano, na akionekana na kitu kisicho chake, yeyote aliyeketi barazani alimuuliza amekitoa wapi.

Tukisimulia malezi yale huanza na fimbo: jirani anakuchapa, nyumbani unachapwa tena. Naona tunasifu kisichostahili. Kilichomlinda mtoto ni kujulikana. Watu walijua ni wa nani, anasoma wapi, na saa ngapi hupaswa kuwa amerudi. Kuchapa mtoto hakuhitaji kumjua. Kutambua kwamba tangu jana hajala kunahitaji.

Leo huko Goba, Kivule na Mbezi, kila mwenye kiwanja amezungushia ukuta. Basi la shule humchukua mtoto kungali giza, likamrudisha jioni mikononi mwa dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni binti mdogo anayehitaji kulelewa. Hofu ya wazazi naielewa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini wengi wa waliowatenda hawakuwa wageni kwao. Ukuta haumzuii mjomba, wala rafiki wa baba anayefunguliwa geti kwa heshima.

Hapo ndipo jamii tunayoitamani inapaswa kuulizwa swali gumu. Ni jamii hiyohiyo iliyozoea kuyamaliza mambo kifamilia: wazee wanakaa kikao, mkosaji anatozwa faini, mtoto anaambiwa anyamaze asiuaibishe ukoo. Kikao cha namna hiyo kilimlea mkosaji. Mtoto aliachwa peke yake katikati ya watu waliomjua kwa jina, na hadi leo wapo wanaoachwa hivyo. Ujirani usiothubutu kumgusa mtu mzima hauna haki ya kujisifu kwamba unalea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ofisa ustawi wa jamii yupo, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Basi ndugu msomaji, wikiendi hii wafahamu watoto wa nyumba zinazopakana na yako, na dada anayewalea umjue pia. Ukisikia kilio usichokielewa, piga hodi. Ukiambiwa hayakuhusu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo.