Waliitwa Wasomaji

Msomaji mpenzi, kabla hujaendelea na ukurasa huu, nina ombi dogo. Inuka ukaitazame Biblia ya nyumbani kwako. Iko wapi? Labda imo sandukuni, imefungwa katika kitambaa safi pamoja na vyeti vya ubatizo. Labda iko juu ya kabati, na katikati yake mmewekwa risiti za ada ya shule. Usinione mkali. Yangu nayo niliikuta na vumbi, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Huko Buganda, zamani za Kabaka Mutesa, watu walioishika dini yetu walijulikana kwa jina la abasomi, yaani wasomaji. Neno ni ndugu wa neno letu hili la kusoma. Alexander Mackay, fundi wa mitambo kutoka Uskochi, alifika huko mwaka 1878, na mapadre wa White Fathers wakafika mwaka uliofuata. Vijana wa barazani kwa Kabaka wakaanza kuja kujifunza herufi. Wakati ule hapakuwa na Injili ya Kiganda, hivyo walisomeshwa katika vitabu vya Kiswahili vilivyotoka Unguja, ambako Askofu Edward Steere alikuwa akifasiri Maandiko. Hebu fikiri: kijana ajifunze kusoma, tena kwa lugha asiyonyonya kwa mama yake! Nasi tunayo kwa lugha yetu, tena kwa herufi kubwa, twalalamika kwamba taa haina mwanga wa kutosha.

Mutesa akafa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Januari 1885 wasomaji vijana watatu waliuawa. Mwaka uliofuata Kabaka aliwaamuru watumishi wake wanaosoma na kusali wasimame upande mmoja, na wasiosali wasimame karibu naye. Karoli Lwanga akatangulia, na wenzake wakamfuata. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kweli, mambo ya utawala na hofu ya wageni yalikuwamo pia katika hasira ile ya Kabaka. Lakini vijana wale walijua njia ya kujiokoa: hatua chache tu kuelekea upande wa pili.

Sitakuuliza wewe ungesimama wapi. Swali hilo ni rahisi kulijibu ukiwa umekaa kitini, chai iko mezani. Nauliza dogo zaidi: jirani zako wakitafuta jina la kukuita, je, watakuita msomaji?

Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, kazi ya George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta, Mganda mwenyewe. Ilipigwa chapa kwa umbo la ajabu, nyembamba lakini nene kama tofali, ipate kuingia ndani ya kopo la biskuti, mchwa wasiile. Watu hao waliificha wadudu wasiikute. Sisi wengine tumeificha hata sisi wenyewe hatuikuti.

Basi wengi husema, "Mimi nasoma kila siku." Vyema. Lakini wasoma nini? Mtu anaweza kusoma miaka ishirini akipita pale pale panapompendeza, kama mtu apitaye njia ya mbali ili asikutane na mdai wake. Nashauri hivi: shikeni kitabu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, sura moja kila jioni baada ya chakula, kwa sauti, watoto wapokezane. Msiruke kitu. Mtoto hajui mahali baba yake anapotaka kuruka.

Hayo nayajua kwa yaliyonipata. Nilikuwa na ugomvi na kaka yangu juu ya mpaka wa shamba alilotuachia baba. Jambo lenyewe ni migomba sita! Miezi minane hatukuamkiana. Hata hivyo kila Jumapili nilikaa benchi la mbele, na sadaka nilitoa. Jioni moja ilikuwa zamu ya binti yangu, akasoma Mathayo sura ya tano. Alipofika kwa yule mwenye kuleta sadaka, ambaye ndugu yake ana neno juu yake, alinyamaza, kisha akaniuliza, "Baba, kwani Baba Mkubwa bado amekukasirikia?"

Mke wangu aliacha kuosha vyombo. Nikamwambia mtoto aendelee, akaendelea. Usiku ule sikulala. Sura ile nilikuwa nikiijua tangu darasa la kipaimara, na hata siku moja sikuwa nimeisoma.

Asubuhi nikaenda. Kaka alikuwa akipasua kuni. Nikasema, "Shikamoo, kaka." Akakaa kimya kitambo, shoka mkononi, kisha akaitika, "Marahaba," akanisogezea kigoda. Habari ya migomba hatukuitaja siku ile. Tuliizungumza juma la pili yake, mbele ya wazee, na sikupata yote sita. Nilipata miwili.

Siku hizi binti yangu ndiye anayechagua kitabu cha kusoma.