Zamu ya Maji, Zamu ya Malisho, Zamu ya Mgeni

Haya wanangu, kazeni kamba za viatu. Leo nawapeleka mlimani, mbali kaskazini mwa bara letu, nchini Moroko. Huko kuna safu ya milima iitwayo Atlas ya Juu. Kipupwe kikiingia, theluji hufunika vilele vyake, na kilele kikuu ni Toubkal, mita 4,167 juu ya usawa wa bahari. Hakuna kinachokizidi Afrika Kaskazini yote. Najua mtaniambia kwamba Kilimanjaro ni mrefu zaidi, na hata Meru. Ni kweli. Lakini anayepanda Kilimanjaro akishaingia msituni huwaacha watu nyuma, akalala kambini hadi atakaposhuka. Mpanda Atlas hutoka kijiji hiki akaingia kile, na usiku hulala chini ya paa la mwenyeji, akala alichopika mwenyeji.

Tunapokwenda, nataka tujiulize swali moja. Mabonde yale ni membamba, udongo ni kidogo, mvua haina uhakika na baridi inakata mifupa. Watu wamewezaje kuishi pale vizazi na vizazi bila kunyang'anyana?

Tunaanzia Imlil, kijiji kilicho mwendo wa kilomita kama 65 kutoka mji wa Marrakech, kwenye mwinuko wa mita 1,740 hivi. Hapa tunakutana na kiongozi wetu. Siku hizi hairuhusiwi kupanda Toubkal bila kiongozi aliyesajiliwa, na kazi hiyo ina shule yake huko Tabant, katika bonde la Ait Bouguemez. Kiongozi mzuri hutembea polepole. Anayekimbia asubuhi, adhuhuri ataumwa kichwa, kwa sababu kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyopungua. Mizigo haibebwi na watu. Hubebwa na baghala, mnyama aliyezaliwa na punda dume na farasi jike, mwenye uvumilivu wa baba na nguvu za mama. Akipita, sisi tunasimama upande wa mlima, siyo upande wa korongo, maana mzigo wake ukikugusa unaweza kukusukuma ukaporomoka.

Tazameni kulia. Mteremko wote umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe. Hayo ndiyo mashamba. Kuna shayiri na mahindi, kuna mitufaha na micheri, na ile miti mikubwa yenye kivuli kizito ni mijozi. Ukitazama vizuri utaona mstari mwembamba wa kijani ukikata mteremko mkavu, na chini ya mstari huo kila kitu kimestawi. Huo ni mfereji. Maji yamechepushwa kutoka mtoni mbali huko juu, yakaletwa kwa mteremko mdogo sana, yasikimbie wala yasituame.

Sasa tusimame hapa kidogo, tumwangalie yule mama mwenye jembe. Mlango wa maji wa shamba lake ni pengo tu kwenye ukingo wa mfereji, limezibwa kwa mawe, matope na matambara. Anatoa jiwe moja, la pili, kisha anakokota tope kwa jembe, na maji yanageuka yenyewe kuingia shambani. Papo hapo anaziba mfereji upande wa chini ili yasimpite. Shamba likishiba, anarudisha mawe mahali pake na kufungua njia kwa jirani. Hakuna polisi aliyesimama hapo. Kila familia inajua siku yake na saa yake, na kabla ya saa za mkononi, vijiji vingi vilipima zamu kwa kivuli cha jua. Mtu akiiba maji, shauri lake huenda kwenye baraza la kijiji, liitwalo jmaa. Na masika yanapokaribia, wenye zamu wote huitwa kusafisha mfereji pamoja, kwa sababu asiyeshiriki kuzibua hana uso wa kudai maji.

Tunaendelea kupanda katikati ya miti yenye harufu kali, ndugu wa mtarakwa wetu, hadi kwenye upenyo wa Tizi n'Mzik, mita 2,489. Ng'ambo yake ni bonde la Azzaden. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe na udongo, paa zake bapa, zimepandana mlimani hivi kwamba aliye juu anaweza kuona paa la jirani yake usawa wa kizingiti. Usiku wa leo tunalala katika mojawapo.

Vueni viatu mlangoni. Mwenyeji ametandika mazulia na sasa analeta sinia lenye birika, bilauri ndogo, fungu la nanaa mbichi na bonge la sukari lenye umbo la pia. Anavunja sukari, anatia majani ya chai, anayaosha kwa maji moto kidogo na kuyamwaga maji hayo. Kisha anachemsha na nanaa. Chai ya kwanza anaimimina kwenye bilauri, halafu anairudisha birikani, tena na tena, sukari ichanganyike bila kijiko. Hatimaye anainua birika juu kabisa, mkono umenyooka, na uzi wa chai unashuka moja kwa moja hadi bilauri ifanye povu. Haraka haina nafasi hapa. Mgeni atasubiri, na katika kusubiri huko ndipo anapoulizwa hali, ametoka wapi, wazazi hawajambo? Baadaye inakuja tajini, chungu cha udongo chenye mfuniko uliochongoka, na mkate uliookwa nyumbani. Tunasema bismillahi, tunakula kwa mkono wa kulia, kila mtu mbele yake. Mtoto wa Lamu au Unguja angejiona yuko kwa shangazi yake.

Hawa wenyeji wetu ndio watu ambao vitabu huwaita Waberberi. Wenyewe hujiita Imazighen, na mmoja wao ni Amazigh. Walikuwepo Afrika Kaskazini kabla Waarabu hawajafika. Katika mabonde haya huzungumza Kitashelhit, na tangu katiba ya mwaka 2011 lugha yao ya Kiamazigh ni lugha rasmi ya Moroko pamoja na Kiarabu. Mkiona ubao wa shule wenye herufi za duara na misalaba, hayo ni maandishi yao, Tifinagh.

Wala si watu wa mbali nasi kama mnavyodhani. Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka 1304, katika ukoo wa Lawata, ambao ni wa Imazighen. Mwaka 1331 alifika pwani yetu. Alilala Mombasa, akaendelea hadi Kilwa, na akaandika kuhusu sultani wake, Al-Hasan bin Suleiman, aliyesifika kwa kugawa mali. Siku ile Amazigh alikuwa mgeni na Waswahili ndio waliomkaribisha. Leo sisi ndio tuliokaa zuliani.

Asubuhi kiongozi anatuonyesha milima ya mashariki, na hapo tunapata sehemu nyingine ya jibu letu. Huko kuna malisho ya Oukaimeden, ambayo wafugaji wamekubaliana kuyafunga kila mwaka kuanzia tarehe 15 Machi hadi tarehe 10 Agosti. Katika muda huo mbuzi, kondoo na ng'ombe hawaingii. Majani hukua, huchanua, na kudondosha mbegu. Siku ya kufunguliwa ikifika, wote huingia pamoja, tajiri na maskini. Utaratibu huu huitwa agdal. Fikirieni ugumu wake: unaona mbuzi wako wamekonda, majani yanawaka kijani mbele ya macho yako, nawe unageuza kundi kwa sababu uliahidi.

Kileleni tutafika. Tutalala kwenye nyumba ya wapandaji iliyo mita 3,207, tutaamka usiku, tutapanda kwa tochi juu ya changarawe inayoteleza, na jua litatukuta tukiona milima pande zote na, kusini, nchi kavu inayoelekea Sahara. Furahini, pigeni picha, kisha tushuke, kwa maana kileleni hakuna anayeishi.

Lipo jambo la huzuni ambalo sitawaficha. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga milima hii. Karibu watu 3,000 walifariki, na vijiji vizima vya mawe na udongo vikawa vifusi. Barabara ziliporomokewa na miamba. Kabla ya msaada kufika, majirani walichimbua majirani zao kwa mikono, na palipokuwa hapapitiki kwa gari, punda na baghala walibeba mablanketi na chakula. Watu waliozoea kuitana kuzibua mfereji hawakuhitaji kufundishwa kuitana usiku ule.

Basi swali letu tumelijibu. Milima haikuwapa watu wale utajiri, iliwapa uhaba, nao wakaufanyia utaratibu: maji yana zamu, malisho yana zamu, na leo mimi nakukaribisha, kesho wewe utanikaribisha. Na kwetu pia upo utaratibu wa namna hii. Wachaga wa Kilimanjaro wana mifongo yao, mifereji ya mababu inayoleta maji mashambani kwa zamu, na Wamarakwet wa Kenya wana mifereji yao kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Mwenye babu au bibi huko, amuulize: zamu yetu ilikuwa siku gani, nani aliipanga, na aliyeiba maji alifanywa nini? Andikeni majibu wakati wanaokumbuka wangali hai, kisha siku ya kusafisha mfereji ikitangazwa, nanyi mchukue jembe mwende.