Pikipiki ya Safari Ndefu: Kiti Kwanza, Marembo Baadaye

Wahenga walituambia kwamba rahisi huvunja upishi, nasi tukaamini. Leo nimeshika kalamu kuwaeleza kwamba upande wa pikipiki, hata ghali huweza kuvunja mgongo.

Ukisimama kando ya barabara hapa Embulbul kwa dakika tano tu, utahesabu pikipiki hadi uchoke. Zilizidi kuongezeka nchini baada ya serikali kuondoa ushuru wa VAT mwaka wa 2008 kwa pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250. Nyingi ni za kubeba abiria kutoka steji hadi mlangoni, mwendo wa dakika kumi hivi. Lakini wapo wanaozitumia kwa masafa marefu: wauza dawa za mifugo, walimu wa shule za mbali kule njia ya Magadi, na wafanyabiashara wa mbuzi kama mjomba wangu. Ninawaandikia hao, pamoja nanyi wenzangu mlioapa kwamba mkimaliza Kidato cha Nne mtanunua pikipiki kabla ya kununua kitanda.

Mjomba huenda soko la mifugo la Ilbisil kila wiki. Hupitia Ngong, Kiserian, Isinya na Kajiado mjini, kilomita mia na ushei kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Mbuzi huja kwa pikapu, naye hurudi peke yake. Mwaka jana mgongo ulimshika hata akakosa soko wiki tatu mfululizo. Karo yangu hutoka kwa mbuzi hao, kwa hivyo msidhani naleta mzaha nikizungumzia kiti. Mjomba alikuwa ameamua kuuza ng'ombe wawili, aongeze na mkopo, anunue pikipiki kubwa ya mtumba. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Mzee, hii ni kama kukaa kwa sofa." Mama akakataa katakata, na nyumba ikawa haikaliki.

Ni kweli pikipiki kubwa za safari zipo. Mwaka wa 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipitia Kenya wakielekea Cape Town kwa BMW R1200GS. Lakini pikipiki ya namna hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Ikikulalia kwenye mchanga mahali hakuna mtu, utaiinua na nani? Vipuri vyake navyo hutavipata Kiserian. Isitoshe, Ted Simon aliyetoka London mwaka wa 1973 na kuizunguka dunia kwa miaka minne, akipitia hapa Kenya pia, alitumia Triumph ya cc 500. Injini hiyo haikufika hata nusu ya ile ya BMW, na dunia aliimaliza.

Basi uchague ipi? Kwa safari kama ya mjomba, fundi wetu wa jua kali anasema afadhali cc 150 kuliko cc 100. Sababu si mbio. Injini ndogo ikilazimishwa kwenda kilomita 70 kwa saa, huzunguka kwa kasi sana na kutetemeka. Mtetemeko huo hupitia usukanini na kuingia mikononi, hata ukifika Isinya vidole vimekufa ganzi huwezi kuhesabu noti. Kama tayari unayo cc 150 na bado inalia, fundi anaweza kubadilisha sproketi ya nyuma aweke yenye meno machache kidogo. Injini itapumua kwenye tambarare, ila mlimani utaona nguvu imepungua. Hakuna cha bure hapo.

Kabla ya kulipa, kaa juu ya pikipiki robo saa nzima, si dakika moja. Angalia mambo matatu: makalio, miguu na mikono. Nyayo zikae karibu chini ya magoti, viwiko viwe vimekunjwa kidogo, na viganja visibebe uzito wa kifua. Mikono ikivutwa, legeza nati za usukani uuzungushe kuelekea kwako. Wako vijana hukata usukani na kuchomelea kipande cha chuma ili uwe mrefu. La hasha! Chuma hicho kikikatika barabara ya Namanga mbele ya lori, hakuna maelezo tena.

Sasa tufike kwenye kiti, ambako ndiko ugonjwa wa mjomba ulikokuwa. Kiti chake kilikuwa kimejazwa sponji laini ya godoro, kimeinuka kama mkate uliofura. Ukikikalia dukani unatabasamu. Lakini sponji laini hukandamizwa mpaka chini, na baada ya kilomita ishirini mifupa ya makalio inakalia bati tupu. Tena kilikuwa kimeinama mbele, kwa hivyo mjomba aliteleza kuelekea tangi safari nzima, akajisukuma nyuma, akateleza tena. Fundi wa viti mjini Ngong aliifumua yote. Akaweka sponji ngumu chini, nyembamba laini juu, akasawazisha, akapanua upande wa nyuma na kuchonga upande wa mbele ili miguu ifike chini vizuri. Alitoza shilingi 1,800. Jalada la plastiki jeusi huchemka kama sufuria kwenye jua la Kajiado, kwa hivyo nyanya yangu akaongeza ngozi ya kondoo juu yake. Watu wa steji walicheka. Lakini manyoya hupitisha hewa na jasho halikusanyiki, na siku hizi wawili kati yao wameuliza ngozi inauzwa wapi.

Dawa ya pili haikugharimu hata peni. Springi za nyuma zina kola yenye ngazi za kukaza na kulegeza. Waendesha boda hukaza hadi mwisho kwa sababu ya mizigo. Mtu akienda peke yake na springi zimekazwa hivyo, kila shimo linapanda moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Mjomba alirudisha ngazi mbili chini, akapima na upepo wa magurudumu. Siku hiyo aliporudi alikula chakula cha jioni akiwa amekaa, si amesimama.

Kuhusu mizigo nitasema kwa ufupi: iwe chini na karibu nawe, si mlima juu ya keria. Mjomba amekata mitungi miwili ya plastiki ya lita 20 akaifunga kila upande. Taa za rangi, spika na stika ni za steji; hunyonya betri tu. Helmeti na jaketi inayong'aa ni sheria, sizihesabu kama marembo.

Lililobaki ni upepo. Upepo wetu unajulikana; ndio uliofanya mitambo ya umeme ya kwanza isimamishwe juu ya vilima vya Ngong mwaka wa 1993. Katika Fizikia tumefunzwa kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, nguvu ya upepo kifuani huongezeka mara nne. Kioo kirefu cha plastiki kingesaidia, ila upepo wa ubavuni pale Isinya ukikikamata, pikipiki nyepesi huyumba. Mimi nasema kiwe kifupi, kifike kifuani tu. Mjomba anataka kinachofika usoni. Fundi naye anasema kwanza tumlipe deni la sproketi. Ng'ombe wote wawili bado wako zizini.