Matunzo ya Bodaboda katika Vumbi na Tope la Tassia

Pikipiki inayobeba abiria katika mtaa wa Tassia, Embakasi, mashariki mwa Nairobi, hufanya kazi ambayo kwingineko hutengewa vyombo vya magurudumu manne vilivyoundwa kwa ajili ya mashamba, mchanga na misitu, nayo huifanya ikiwa na injini ndogo ya silinda moja, matairi membamba yaliyokusudiwa lami, na cheni ambayo mara nyingi iko wazi. Vyombo hivyo vya magurudumu manne huonekana nchini Kenya zaidi katika maeneo ya watalii kama Diani, lakini kanuni inayovitawala ndiyo inayoitawala bodaboda: chombo kinachopita pasipo na barabara nzuri hakitunzwi kwa kuhesabu kilomita peke yake, kwa sababu kinachokichakaza ni vumbi, maji, uzito na joto, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoandikwa kwenye mita.

Udongo wa upande huu wa Nairobi ni ule mweusi mzito ambao huvimba unapokunywa maji na kupasuka unapokauka, kwa hiyo njia za ndani ambazo hazijatiwa lami huwa tope zito kati ya Machi na Mei na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba, kisha hugeuka kuwa unga laini unaopeperushwa na kila gari. Abiria anayeshuka matatu katika barabara ya Outer Ring huhitaji kufikishwa mlangoni, mwendo wa dakika chache tu, wenye matuta, mashimo na vituo vingi. Safari ya namna hiyo huendeshwa kwa gia ya kwanza na ya pili, na hapo ndipo mita ya kilomita inapoanza kudanganya. Injini inayozunguka mara 4,000 kwa dakika katika gia ya kwanza husuguana sawa na inayozunguka mara 4,000 katika gia ya juu kabisa, ilhali umbali unaosomeka ni takriban theluthi moja tu. Ikiachwa ikinguruma stejini wakati dereva anasubiri mteja, husuguana bila kuandika hata mita moja.

Biashara yenyewe ilianza kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani Busia miaka ya 1960, na ndiko jina bodaboda lilikotoka. Pikipiki zilienea mijini baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa zile zenye injini isiyofika sentimita za ujazo 250, mwaka wa 2008. Nyingi zilizoko barabarani leo zimebuniwa India, kama Boxer ya kampuni ya Bajaj na zile za TVS, au China, na karibu zote hutumia injini ya mipigo minne, yaani pistoni hushuka mara mbili na kupanda mara mbili ili kukamilisha mzunguko mmoja wa kuvuta hewa na petroli, kuvigandamiza, kuvichoma na kutoa moshi.

Katika injini hizo oili moja hufanya kazi tatu, kwani hulainisha pistoni na silinda, hulainisha gia, na pia huziogesha sahani za klachi, ambazo hukaa humo humo ndani ya oili. Kiasi chake ni lita moja hivi, tofauti na gari dogo lenye lita tatu au nne, na ndiyo maana uchafu kidogo tu huiharibu upesi. Maandishi 20W-50 yaliyoko kwenye mikebe mingi yana maana mbili: namba ya kwanza, yenye herufi W, huonyesha wepesi wa oili ikiwa baridi, na ya pili huonyesha uzito inaobaki nao injini ikishachemka. Maandishi mengine yanayostahili kutafutwa ni JASO MA, alama ya kiwango cha Kijapani kinachothibitisha kwamba oili hiyo haitafanya sahani za klachi ziteleze. Oili za kisasa za magari madogo mara nyingi hutiwa viambato vya kupunguza msuguano, jambo jema kwa gari ambalo klachi yake ni kavu, lakini kwa pikipiki viambato hivyo huweza kuifanya injini ilie kwa nguvu huku gurudumu likivuta kwa uvivu. Oili inayopimwa kutoka kwenye mtungi usio na jina inaweza kuwa nzuri au mbaya, na mnunuzi hana njia ya kujua. Bei yake nafuu si hoja ya kutosha.

Vitabu vya watengenezaji hutaja muda wa kubadilisha oili kwa kilomita, na mara nyingi huongeza kwamba muda huo upunguzwe kwenye vumbi au kazi nzito, sentensi fupi ambayo wasomaji wengi huiruka ingawa huko Tassia ndiyo inayowahusu. Dereva anayetembea kilomita 100 kwa siku hufikisha 3,000 kwa mwezi mmoja, na kwa mwendo wa gia za chini ni busara kubadilisha oili kabla ya mwezi kuisha. Kati ya mabadiliko hayo kiwango kipimwe kila asubuhi injini ikiwa baridi na pikipiki ikiwa imesimama wima, kwani ikiegemea kigingi chake cha pembeni kipimo husema uongo. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, tukio la kawaida baada ya kuvuka barabara iliyofurika, na injini hiyo haifai kuendeshwa hata safari moja zaidi kabla ya oili kumwagwa.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, hupita kwenye hewa. Vumbi lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, na zikishafika ndani ya silinda hukwaruza ukuta wake na ringi za pistoni mpaka oili ipenye na kuungua pamoja na petroli, na hapo moshi wa rangi ya buluu huanza kutoka na kazi ya kufungua injini huwa haiepukiki. Kinachozuia yote hayo ni kichujio cha hewa, kipande cha sponji au cha karatasi iliyokunjwa ambacho bei yake hailingani kabisa na gharama ya kukarabati silinda. Sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, si kwa petroli ambayo huidhoofisha gundi na huweza kuwaka. Hukaushwa kivulini, hutiwa matone ya oili, kisha hukamuliwa, kwa sababu unyevu wa oili ndio unaonasa vumbi. Kichujio cha karatasi hakioshwi, bali hugongwagongwa taratibu na hubadilishwa kikiwa cheusi. Kuna madereva wanaokiondoa kabisa kwa imani kwamba pikipiki hupata nguvu, na huenda wakaihisi nguvu hiyo kwa majuma machache, muda ambao silinda huhitaji ili kuharibika.

Suala hilo la hewa lina upande mwingine ambao hausemwi sana. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya saba. Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, kikiwa kimepimwa kwa mazingira ya pwani, humimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na kichujio kilichozibwa na vumbi huongeza tatizo lile lile. Dalili husomwa kwenye plagi: ncha ya rangi ya kahawia iliyofifia ni ya injini yenye afya, ncha yenye masizi meusi makavu huonyesha petroli inayopotea bure, na nyeupe huonyesha joto la kupindukia. Fundi makini huitazama plagi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Cheni ndiyo inayolalamika kwa sauti. Watu husema imevutika, ingawa chuma chenyewe hakivutiki; kinacholika ni vijiti vidogo vinavyounganisha pingili na mirija inayovizunguka, na kila kiungo kikilegea kidogo, cheni nzima hurefuka. Katika pikipiki nyingi za ukubwa huu umbali kati ya kijiti na kijiti ni milimita 12.7, kwa hiyo pingili 20 mpya hupimwa milimita 254, na zikifika 259 cheni hiyo imemaliza kazi. Asiye na rula huivuta cheni kwa kidole kutoka nyuma kabisa ya sproketi kubwa, yaani gurudumu la meno lililoko nyuma, na nusu ya jino ikionekana jibu ni lile lile. Cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka huchakaa haraka kama ile ya zamani. Ulegevu unaofaa kwa kawaida ni wa milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, na wanaoikaza kama waya wa kuanikia nguo huua beringi za gurudumu. Desturi ya kuipaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini ni afadhali kuliko kuiacha kavu, lakini oili hiyo ina chembe za chuma ndani yake na hunasa vumbi likawa kama msasa. Cheni husafishwa kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, hufutwa, kisha hupakwa oili safi kwa kiasi jioni, ili ipate usiku mzima wa kupenya.

Breki za ngoma hufanya kazi kwa vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyobana gurudumu kwa ndani, navyo hupungua uwezo vikiingiwa na maji ya tope, hivyo dereva anayetoka kwenye dimbwi hana budi kuzijaribu mara mbili tatu kabla ya kuongeza mwendo. Upepo wa matairi katika pikipiki nyingi za aina hii ni paundi 25 kwa inchi ya mraba mbele, na kati ya 28 na 32 nyuma kulingana na mzigo. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu, na fremu nayo ilikadiriwa kwa hesabu hiyo. Uoshaji wa mashine ya maji ya nguvu hupendwa kwa kuwa hung'arisha upesi, ila mkondo wake ukielekezwa kwenye beringi za magurudumu, shingo ya usukani au mdomo wa kichujio cha hewa husukuma tope ndani badala ya kulitoa. Oili iliyotolewa ikusanywe kwenye chombo na kukabidhiwa wanaoinunua, kwani mitaro ya Embakasi humwaga maji yake katika Mto Ngong.

Linabaki swali la nani alipie. Madereva wengi si wenye pikipiki, bali humpelekea mwenyewe kiasi kilichokubaliwa kila jioni, kinachoitwa hesabu, na kinachobaki ndicho chao. Katika mapatano ya namna hiyo nusu siku kwa fundi ni hasara ya dereva leo, ilhali injini iliyokufa ni hasara ya mwenyewe mwaka ujao, na hakuna ajabu kwamba sevisi huahirishwa. Vipuri bandia huzidisha ugumu, hata katika maduka ya barabara ya Kirinyaga, ambayo wakazi wengi wa Nairobi bado huijua kwa jina la zamani la Grogan, kwa hiyo mnunuzi huhitaji kushika kipuri cha zamani mkononi na kukilinganisha na kipya kwa uzito, namba na umaliziaji. Mwenye pikipiki anayedai hesabu ya siku saba kwa juma bila kutenga saa za sevisi wala fedha za oili ameshakubali kununua injini nyingine, ingawa bado hajajua tarehe.