Vitabu vya Mapenzi na Vitabu vya Afya Waandikiwavyo Vijana: Maoni juu ya Lugha na Upimaji Wake

Katika uhakiki wa maandishi ya Kiswahili ziko aina mbili za vitabu ambazo hazijazoea kupimwa pamoja. Ya kwanza ni riwaya na hadithi za mapenzi, ambazo wahakiki wengi huzipita kwa dharau, wakisema kuwa ni vitu vya kupitishia wakati. Ya pili ni miongozo ya afya ya uzazi, ambayo huachiwa waganga na walimu, kana kwamba haikuandikwa kwa lugha yoyote. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kuwa aina hizi mbili zasomwa na kijana mmoja, tena pengine kwa juma moja, na kwamba hatari kubwa imo katika tofauti ya maneno yake.

Tumchukue, kwa mfano, msichana wa miaka kumi na minne akaaye kata ya Kalangalala, mjini Geita. Nyumbani kwao husemwa Kisukuma. Shuleni na sokoni husemwa Kiswahili. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na ule mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, ikawa mkoa. Dhahabu imeleta wageni wengi, na miongoni mwao wanaume walio mbali na jamaa zao, wenye fedha taslimu mfukoni. Jirani zao wa Shinyanga walionekana katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010 kuwa na wanawake 59 katika kila 100, wa umri wa miaka 20 hadi 24, walioolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa nchi nzima, uchunguzi wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa wasichana 27 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kuzaa au walikuwa waja wazito. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa 22. Kwa hiyo, swali la msichana huyu asoma nini, na aelewa nini, si swali la anasa.

I. Mafunzo ya kale na kuja kwa kitabu

Mafundisho ya jambo hili si mageni kwetu. Pwani palikuwa na somo na kungwi, na unyago uliokuwa na nyakati zake na wasikilizaji wake. Mwana Kupona wa Siyu, katikati ya karne ya 19, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha ya unyumba. Naye Shaaban Robert alimtungia binti yake Utenzi wa Hati. Kwa Wasukuma, vijana wa kiume walifundwa na wazee jioni penye moto wa shikome, na wasichana walipata mengi kwa bibi zao.

Mafundisho hayo, mema na mabaya yake, yalikuwa na mlango. Mwalimu alimjua mwanafunzi wake, akajua pia ni lipi la kusema leo na lipi la kungoja. Kitabu hakina mlango. Kikitoka mkononi mwa mwenye duka, humfikia mtoto wa miaka kumi na mtu mzima wa miaka arobaini kwa maneno yale yale. Ndipo inapoanza kazi ya mhakiki: yeye hawezi kuurudisha mlango ule, lakini aweza kuwaambia wazazi na walimu kilichomo nyumbani.

II. Riwaya

Hapana mfano ulio bora kwa upande wa riwaya kuliko Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na hadithi yake imeanzia huko huko ziwani. Zakaria, baba yake Rosa, ni mkali kupita kiasi. Ampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, lakini hamwambii lolote la kumsaidia siku atakapokuwa mbali na fimbo hiyo. Rosa afika shule ya bweni akiwa na hofu bila maarifa. Hofu ikiisha, habakiwi na kitu. Mwisho wake ni mauti ya mkono wake mwenyewe.

Kitabu hiki kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Yafaa tukumbuke kuwa mwaka ule ule wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa, iliyomruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa idhini ya mahakama. (Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba.) Basi kulikuwa na wakati ambapo binti wa miaka kumi na mitano aliweza kuwa mke wa mtu, lakini hakufaa kusoma darasani habari za msichana aliyeangamia kwa kutojua.

Walakini kuisifu riwaya hii hakutuzuii kuitaja kasoro yake, nayo ni kasoro ya riwaya nyingi zilizoifuata: yaonyesha shimo, haionyeshi njia. Msichana aliyeteleza hupewa mimba, maradhi au kifo, na msomaji huachwa na fundisho la woga lile lile la Zakaria. Hadithi za mfululizo magazetini, ambazo zimesomwa kwa wingi kuliko riwaya za shule, zina namna nyingine. Eric Shigongo, aliyechaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Buchosa, jimbo lililo jirani na Geita, ni miongoni mwa waliowapatia Watanzania wengi mazoea ya kusoma Kiswahili kila juma. Jambo hilo si dogo, wala mwanachuoni hana haki ya kulibeza. Lakini aina hii ya hadithi, kwa kuwa yahitaji kumvuta msomaji hadi toleo lijalo, hupenda mahaba yenye mbio na machozi, na mara nyingi kukataa kwa msichana hufanywa madaha tu.

Kwa nchi ya Usukuma jambo hili lina uzito wake. Iko desturi iitwayo chagulaga, ambapo vijana humwandama msichana njiani na kumtaka achague mmoja wao. Katika desturi hiyo kukataa ni hatua ya mchezo, wala si jibu. Msichana akikuta hadithi iliyochapishwa isemayo vivyo hivyo, atadhani kuwa hata kitabu kimeshuhudia kwamba neno lake halina nguvu.

III. Miongozo

Miongozo ya afya imepata majaribio makubwa katika nchi hii hii. Mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana ulianza kufundishwa mwaka 1999 katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza wa wakati huo, Geita ikiwamo. Jamii 20 ziligawanywa kwa kura, nusu zipate mafunzo na nusu zingoje, na vijana 9,645 waliandikishwa ili wafuatiliwe. Walimu wa darasa la 5, la 6 na la 7 walipewa vitabu vya kufundishia vyenye masimulizi na michezo ya kuigiza, na wauguzi walifundwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Matokeo yake yapaswa kujulikana na kila mhakiki: maarifa ya vijana yaliongezeka, na hata miaka mingi baadaye dalili za maarifa hayo zilionekana, lakini maambukizo ya virusi vya Ukimwi hayakuonekana kupungua kuliko mahali pasipofundishwa.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba kujua si kutenda, hasa kwa msichana asiye na fedha wala sauti. Pili, jambo lituhusulo sisi zaidi, kwamba maneno ya mtihani yaweza kukaa kichwani yasishuke moyoni. Mwanafunzi aweza kutaja njia tatu za kuambukizwa, akapata alama zote, kisha jioni akasoma hadithi ya mapenzi bila kutambua kuwa yahusu jambo lile lile.

Gazeti la Femina, lililoanzishwa mwaka 1999, lilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuchanganya hadithi, picha na maelezo ya afya, na nduguye Si Mchezo! aliandikiwa vijana wa mashambani walio nje ya shule. Njia hiyo ni njema, kwani humwonyesha kijana mtu mwenye jina na sura, akiuliza swali ambalo yeye mwenyewe aliona haya kuliuliza.

IV. Maneno yenyewe

Sasa tufike penye kiini. Riwaya husema *kufanya mapenzi*. Mwongozo husema *ngono* au *kujamiiana*. Mhubiri husema *zinaa*. Bibi hasemi kitu, ila huashiria. Kwa mtu mzima haya ni majina manne ya jambo moja. Kwa msichana aliyejifunza Kiswahili shuleni, yaweza kuwa mambo manne.

*Mapenzi* ni neno la moyo. Mzazi na mwana wana mapenzi. Likibebeshwa tendo la mwili kwa kitenzi *kufanya*, mvulana apata hoja ya bure: usipofanya, hupendi. *Ngono* ina asili moja na kitenzi cha Kibantu *kugona*, yaani kulala, ambacho chasikika hata leo katika lugha za kusini mwa Tanzania. Ni neno letu wenyewe, lisilo na hukumu ndani yake, ingawa wengi sasa huliona zito. *Zinaa*, lenye asili ya Kiarabu, ni neno la dhambi. Hivyo twaposema *magonjwa ya zinaa*, mke mwaminifu aliyeambukizwa na mumewe ahesabiwa pamoja na wazinzi, na binti aliyenajisiwa huogopa kwenda zahanati kwa sababu ya jina la ugonjwa wake. Neno *magonjwa ya ngono* lapunguza hukumu hiyo bila kuondoa maana.

Tafsida nazo zatakiwa zipimwe. *Kuvunja ungo* ni usemi wenye adabu na wa kale, lakini msomaji ambaye aujua ungo wa kupepetea nafaka tu hataelewa mpaka aambiwe *kupata hedhi ya kwanza*. *Sehemu za siri* ni maneno ya heshima. Hata hivyo mtoto aliyefundishwa kuwa sehemu hizo ni siri, akiguswa vibaya, huidhania habari yake kuwa siri vile vile. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Haifai basi tafsida iwe ndiyo inayomfungia mtoto mdomo.

Liko tena jambo la kauli za vitenzi. Katika Kiswahili mwanamume *huoa*, mwanamke *huolewa*. Mvulana *hutongoza*, msichana *hutongozwa*. Lakini ifikapo hasara, kauli yabadilika: msichana *amepata* mimba, kama mtu aliyeokota kitu njiani, na mwanamume atoweka katika sentensi. Lugha yetu ina dawa yake katika kauli ya kutendana: *kupendana, kukubaliana, kuoana*. Mwandishi mwema huitumia ili wawili wawe wawili kweli.

Hata dawa hiyo yaweza kuwa sumu. Hadithi ikisimulia kuwa mtu wa miaka arobaini na mtoto wa miaka kumi na mitatu *walijamiiana*, sarufi imewafanya sawa watu wasio sawa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 humwita mtu wa namna hiyo mbakaji, hata mtoto akisema alikubali. Hapa hapana *-ana*. Kitenzi kilichopo ni *kubaka*, na mtendaji wake atajwe.

V. Vipimo

Kutokana na hayo, twaona kuwa mhakiki wa vitabu hivi aweza kutumia maswali manne. Je, kijana ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili ataelewa jambo gani hasa limetendeka? Je, kukataa kwa msichana kwahesabiwa kuwa ni jibu? Je, mtendaji ametajwa katika kila sentensi yenye madhara? Je, aliyekosea au aliyekosewa aonyeshwa mahali pa kwenda, kama vile zahanati, au kwa mtu mzima aaminikaye, au kurudi shuleni, ambako serikali iliruhusu mwaka 2021 kwa msichana aliyezaa?

Maswali haya hayamwambii mtu apige kitabu marufuku. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilikataza vitabu 16 shuleni, miongoni mwake vile vya Diary of a Wimpy Kid. Serikali yoyote ina wajibu wa kulinda watoto, wala si shabaha yetu kushindana na hukumu hiyo. Lakini orodha ya vilivyokatazwa haimfundishi mwalimu kukisoma kitabu cha kumi na saba, ambacho bado hakijaandikwa.

Kazi iliyobaki ni yetu sisi tushughulikao na lugha. Kamusi zetu zaweza kueleza wazi tofauti ya *zinaa* na *ngono*. Wachapishaji waweza kuwasomea vijana miswada kabla ya kuichapa, na kuwauliza wameelewa nini. Wanafunzi wetu wa fasihi waweza kuandika uhakiki wa hadithi za magazetini kwa makini yale yale wanayowapa wakubwa wa fani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa msichana wa Kalangalala ulimwengu huo u karibu sana: ni hatua chache tu kutoka mlangoni mwao. Akiwa njiani, na ayakute maneno yaliyo wazi, yenye adabu, tena ya kweli.